Pipa la Pili

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, msije mkausikia kwa wengine ukiwa umeongezwa chumvi. Nilimwaga kilo moja ya sukari ya mama yangu kwenye pipa la maji ya kukorogea zege. Nilikoroga kwa kipande cha nondo mpaka ikayeyuka, nikalamba kidole kuhakikisha, kisha nikaenda kukaa kivulini na uso wa mtoto aliyetoka madrasa sasa hivi. Nilikuwa kidato cha pili. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: kesho nitamcheka Fundi.

Fundi huyo jina lake silitaji, na mtaani kwetu Newala hakuna aliyelihitaji. Mafundi ni wengi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, ni yeye. Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, sijui. Ninachojua ni kwamba alitoka upande wa Masasi, chini kule kwenye milima ya mawe, na kila alipopanda kuja kwetu alikuja na lori la kokoto, yeye mwenyewe amekaa juu ya mzigo kama anazilinda zisiruke. Huku juu kwetu jiwe hakuna. Unaweza kuchimba shimo mpaka usionekane, ukatoka na udongo mwekundu tu, hukupata hata jiwe la kumtishia mbwa.

Maji nayo yako mbali. Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati huchimba kisima ubavuni mwa nyumba, akajenga kuta zake kwa tofali, akazipaka niru, ule uji wa saruji unaozuia maji yasivuje, akakifunika kwa zege lenye nondo. Mvua ikinyesha, maji ya bati yanaingia humo, na familia inakunywa mpaka mvua za mwaka mwingine. Kazi ya Fundi ilikuwa hivyo vifuniko. Juu yake wanasimama akina mama na watoto asubuhi na jioni wakichota, na chini ya miguu yao kuna kina cha watu wawili, mmoja amesimama begani mwa mwenzake.

Mama yangu, anayeitwa Mama Zuhura kwa jina la dada yangu, alikuwa anajenga kisima chake cha kwanza. Baba alishafariki, na miaka yote tulikuwa tukiomba maji kwa majirani. Wazee wa msikiti wetu nao walitaka kuchimba kisima kikubwa kuliko vyote mtaani. Walimwambia Fundi kwa upole, kama wazee wanavyofanya wakitaka kumbana mtu: "Tukione kwanza cha Mama Zuhura, halafu tutazungumza." Fundi ni Mwanglikana, kila Jumapili yuko kanisani, lakini kisima kile cha msikiti alikitaka kuliko muumini yeyote. Nilimkuta zaidi ya mara moja amesimama pale patakapochimbwa, anapima kwa hatua, midomo inahesabu.

Sasa mnajua nilimwaga sukari kwenye kitu gani.

Mikono yake ilikuwa na rangi ya saruji hata siku ya Krismasi. Viatu vyake, ukivivua miguuni mwake, vingesimama vyenyewe vikisubiri maagizo. Mfuko wa saruji hakuununua kabla ya kuukumbatia. Alikuwa anauinua dukani, anaubana kifuani, anaupapasa kona zote nne akitafuta mabonge. Siku moja muuza duka alimwambia, "Fundi, umeoa mke au simenti?" Akajibu bila kugeuka, "Mke nilimchukua bila kupapasa. Ndiyo maana nimejifunza."

Kupima, alipima kwa kibao: sanduku la mbao lisilo na kitako. Beleshi alilikataa. Alisema beleshi la asubuhi na beleshi la saa saba hayalingani, kwa sababu anayelishika ameshachoka. Kibao kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto. Moja-mbili-nne. Hilo ni zege la nondo, la kufunikia visima, la kubeba watu. La jamvi, linalolazwa chini ya sakafu, lilikuwa moja-tatu-sita. Shuleni tulimwita Bwana Moja-Mbili-Nne, akiwa hasikii bila shaka.

Na watu wote aliwapanga hivyo hivyo. Bibi yangu alikuwa zege la jamvi: "Humwoni, lakini mtoe uone nyumba itakavyokaa." Mama alikuwa zege la nondo. Nikamuuliza kuhusu mwalimu mkuu wetu, ambaye alikuwa amehamishiwa kwetu mwaka ule.

"Huyo zege la kalibu, la kumwagwa kwenye umbo la chuma," akasema. "Kama makalavati, yale mabomba ya chini ya barabara. Wamemtengenezea kwingine, ameletwa kwa lori ameshakuwa mgumu. Humbadilishi, unamzungusha tu mpaka akae mahali pake."

"Na mimi, Fundi?"

"Wewe mchanganyo mkavu. Hujatiwa maji. Nikikupulizia unapeperuka."

Nilicheka siku hiyo. Ndivyo tulivyokuwa, yeye ananichoma, mimi namchoma.

Maji aliyaonea uchungu kuliko saruji. Wasaidizi wake walipenda zege jepesi maana halichoshi mkono, na yeye alisimama juu yao kama askari wa zamu. "Hatupiki uji hapa." Alikuwa na kopo la rangi lililotobolewa kitako. Analijaza zege, analishindilia, analivuta juu taratibu, kisha anachuchumaa na kuangalia lile rundo linavyokaa. Likikaa wima anasema, "Hili limelelewa." Likimwagika pembeni anamtazama aliyelikoroga na kuhamia Kimakua. Tafsiri hakuna aliyeomba.

Maji ya kila pipa aliyaonja. Alichota kwa kiganja, akazungusha mdomoni, akatema. Yakiwa na chumvi, hakukoroga. Na sukari ilikuwa haramu kiwanjani. Chai ilinywewa nyuma ya nyumba, ukimaliza unanawa mikono, ndipo unarudi kushika beleshi. "Sukari ikiingia, zege halishiki," alisema. "Linabaki linawaza."

Na mtu huyo huyo alikunywa chai yenye vijiko vinne. Vinne, nilivihesabu, na kikombe si kikubwa. Mimi nikaona hapo pana kituko cha bure. Niliamini sukari ilikuwa miiko tu ya mafundi, kama wanaokataa kupigiwa mluzi kazini. Nikajiambia nitaitia, zege litashika kama kawaida, kisha nitamwambia mbele ya watu: Fundi, lile zege lako la mwamba lina sukari kilo moja, njoo tulinywe na mihogo.

Siku ya kumwaga zege kulikuwa na mapipa mawili. La kwanza liliishia nusu ya kifuniko, upande wa mlango wa jikoni. Fundi akawapa wasaidizi mapumziko, akaenda nyuma ya nyumba kunywa chai yake. Ndipo nikafanya nililofanya kwenye pipa la pili. Aliporudi, alichota kwa kiganja, akaonja, akasita kidogo. Kisha akatema, akasema, "Haya, tuendelee." Maji yale yakaenda kwenye nusu ya pili, upande wenye mdomo wa kisima, pale hasa mchotaji anaposimama.

Jioni hiyo sisimizi walikuwa wamejipanga kulizunguka pipa la pili kama wanaohudhuria mkutano. Niliwamwagia majivu. Mama akatoka jikoni na kopo tupu.

"Saidi, sukari yangu iko wapi?"

"Labda sisimizi, mama."

"Sisimizi wa Newala siku hizi wanafungua makopo?"

Akaniangalia kwa muda. Nikaendelea kumwaga majivu.

Fundi alifunika zege kwa magunia, akaniachia mimi kazi ya kulimwagilia asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne. Yeye akashuka Masasi kwenye kokoto za kazi nyingine. "Ulilinde," aliniambia. "Zege bichi lina kiu kuliko ng'ombe."

Siku ya tatu nilichukua kijiti cha ufagio. Nikainua gunia upande wa jikoni, nikachoma. Kijiti kikavunjika. Nikaenda upande wa mdomo wa kisima, nikachoma. Kikazama kama kwenye ugali uliopoa. Nilikichomoa, nikakitazama ncha yake yenye tope la kijivu, na hapo nikaelewa kwamba sina tena kituko. Nina siri.

Nilirudisha gunia nikamwaga maji. Kila asubuhi ikawa hivyo.

"Umemwagilia?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nimemwagilia."

"Linakaza?"

"Linakaza."

Siku ya nane uso wa juu ulikuwa umekauka ukawa na ganda. Ukiugonga kwa kisigino unalia. Nikajipa moyo kwamba labda limeamka. Mzee mmoja wa msikiti akapita, akagonga kwa fimbo yake upande wa jikoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Mwamba huu." Nilitamani agonge na upande wa pili, na nilitamani asigonge. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Ruvuma, kila mtu anayaangalia, na mama akaanza kufagia mfereji wa bati kila siku ingawa hakuna jani lililoanguka.

Lazima niwaeleze desturi moja ya Fundi, maana bila hiyo hamtaelewa niliogopa nini. Kifuniko kinapomwagwa, chini yake kuna mbao zilizoshikiliwa na miti mirefu, mirunda. Zege likishakomaa, mirunda inaondolewa, na hapo ndipo linajibeba lenyewe kwa mara ya kwanza. Mafundi wengine humtuma kijana chini. Yeye aliwafukuza wasaidizi wote mpaka barabarani. Mwenye nyumba akasimama juu, karibu na mdomo wa kisima. Fundi akashuka chini kwa ngazi, peke yake, na nyundo. Wawili hao tu, mmoja juu na mmoja chini, mpaka mrunda wa mwisho utoke.

Niliwahi kumuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba zamani, kwenye kazi moja njia ya Nanganga, fundi aliyemfundisha alimtuma msaidizi chini, yeye akabaki nje anavuta sigara. "Yule msaidizi hakuweza tena kuvaa kiatu cha kushoto," akasema, na akaondoka kwenda kuosha toroli lililokuwa safi tayari.

Siku ya kumi na nne akaja. Nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi," akajibu, "Marahaba, mlinzi wangu." Aliondoa magunia, akagonga upande wa jikoni kwa kipande cha nondo, akasikiliza. Akaanza kuelekea upande wa pili, lakini ngurumo ikapita mbali, akaangalia juu, akasema, "Mama Zuhura, panda. Tusiikutanishe kazi na mvua." Wasaidizi wakaenda barabarani bila kuambiwa. Mama akajifunga kanga vizuri, akavua ndala, akasimama pale anaposimama mchotaji. Fundi akaingia kisimani.

Nilikuwa nimebaki kwenye kona ya nyumba. Nilisikia nyundo. Ko. Ko. Mrunda wa kwanza ukaanguka, sauti yake ikazunguka kisimani. Huo ulikuwa wa upande wa jikoni. Mama akatabasamu. Nyundo tena. Wa pili. Nilizijua hatua zake, anaanzia mbali na mdomo anasogea kuja mdomoni. Wa tatu. Mama akauliza kwa mzaha, "Fundi, bado uko?" na sauti ikajibu kutoka chini, "Nikiondoka utaniona napita." Ko. Wa nne ukaanguka. Ko.

Miguu yangu ilinileta mpaka ukingoni, sijui saa ngapi.

"Fundi, usigonge."

Nyundo ikanyamaza.

"Niliweka sukari."

Mama aligeuza shingo tu, miguu hakuisogeza.

"Kiasi gani?" Sauti kutoka chini ilikuwa tulivu, kama anauliza bei ya kamba.

"Kilo."

"Pipa la kwanza au la pili?"

"La pili."

"Mama Zuhura," akasema, "usiruke. Tembea polepole kuelekea jikoni. Polepole, kama umebeba maji."

Mama alitembea. Hatua sita, nilizihesabu. Tulisikia mrunda unaburutwa, unasimamishwa tena, unagongewa kabari. Alirudisha ule wa nne kwanza, ndipo akapanda ngazi. Alipotoka, uso wake ulikuwa na vumbi jeupe na chini ya vumbi sikuweza kusoma kitu. Nilifumba macho nikisubiri kofi.

Alinipa nyundo.

"Gonga pale."

Niligonga pale mama alipokuwa amesimama. Ganda la juu likapasuka, na ndani lilikuwa linamumunyuka kama kashata iliyokosewa. Pigo la tatu, nondo zikaonekana. Mama alikaa chini kwenye mchanga bila kutandika kitu.

Nusu nzima ikavunjwa. Kwa kuwa huku kwetu kokoto hazipatikani, niliokota moja moja kutoka kwenye vifusi, nikazikwangua, nikaziosha, siku tatu. Mvua ya kwanza ikaja wakati huo. Kisima kilikuwa wazi, kimejaa vumbi la saruji na mirunda, kwa hiyo Fundi alielekeza mfereji wa bati nje. Maji yote ya bati letu yakashuka barabarani, mekundu, yanaenda kwa watu. Mama alisimama mlangoni akayaangalia mpaka yakaisha.

Wazee wa msikiti walikuja na miamvuli. Walitazama nusu nzima na nusu iliyovunjwa. Yule mwenye fimbo akauliza, "Fundi, kumetokea nini?"

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye kokoto zangu. Mama alikuwa mlangoni. Fundi alifuta mikono kwenye suruali.

"Nilikosea," akasema. "Kazi yangu ilikuwa mbaya."

Basi. Mtu ambaye alibishana na muuza duka, na mwalimu mkuu, na padri wake mwenyewe kuhusu sakafu ya kanisa. Wazee wakatazamana, wakashukuru, wakaaga vizuri sana. Mimi sikusema. Mama hakusema. Kisima cha msikiti kilijengwa na fundi mwingine kutoka Mtwara, na hakivuji hata tone, jambo linaloniuma zaidi kuliko kama kingevuja.

Chetu kilimaliziwa chini ya turubai na hakina tatizo. Ila pale zege jipya lilipoungana na la zamani pana mstari, umevuka kifuniko kutoka ukuta mpaka ukuta. Kila mgeni anayekuja kuchota anauona, na kila aliyekuwepo anamwambia: hapo ndipo Fundi alipokosea. Mama akienda kuchota aliuruka. Hakuwahi kuukanyaga.

Watu waliacha kumwita Fundi kwenye vifuniko. Kwanza walisema ana kazi nyingi, kisha wakasema amezeeka, kisha hawakusema tena.

Sasa niko kidato cha nne, nasoma Masasi. Mwezi uliopita mwalimu alinituma Mkomaindo kumpeleka mwenzetu hospitali, na nilipokuwa narudi nikaona uwanja wenye makalavati yamepangwa kama mapipa yaliyolala. Katikati yake mtu anashindilia zege kwenye kalibu. Nilivijua viatu kabla ya kumjua mtu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mchanganyo mkavu." Akanitazama kuanzia chini. "Umerefuka. Akili je?"

"Inafuata kwa basi la jioni."

Akacheka, akaketi juu ya kalavati, akajimiminia chai kutoka kwenye chupa. Nikasubiri vijiko vinne. Hakutia hata kimoja. Alikunywa hivyo hivyo, ya rangi, chungu.

"Fundi, siku hizi hunywi sukari?"

"Niliacha."

"Lini?"

Akanywa fundo jingine, na mimi si mjinga kiasi cha kutoelewa. Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba miaka miwili: kwamba nitapanda Newala, niwaambie wazee ukweli, wajue halikuwa kosa lake.

"Lilikuwa langu," akasema.

"Fundi, sukari niliweka mimi."

"Na maji nilionja mimi." Alizungusha kikombe. "Lile pipa la pili nililionja, ulikuwepo. Niliusikia utamu. Nikajiambia ni chai yangu ndiyo iko mdomoni. Ningeweza kusukutua nikaonja tena. Nikaona wasaidizi wananiangalia, jua linapanda, nikatema nikasema tuendelee." Akakitua kikombe. "Halafu nikamsimamisha mama yako juu yake."

Nikaketi kwenye kalavati la pili.

"Lakini wanasema hujui kazi," nikasema.

"Wanasema." Alisimama, akagonga kalibu kwa kiganja, akasikiliza. "Hapa hakuna anayesimama juu. Nalala vizuri." Lakini alipokuwa anasema hivyo alikuwa ametazama upande wa Newala, kule barabara inakopanda, na mkono ulibaki juu ya kalibu muda mrefu kuliko inavyohitajika kusikiliza zege.

Wiki hii tumefunga shule. Nilifika nyumbani jioni, nikamkuta mama anachota maji. Nilimweleza yote, chai chungu, pipa, alivyotazama barabara. Alisikiliza huku ameshika kamba, ndoo inaning'inia katikati ya kisima. Kisha akaivuta, akaitua, akasimama kwa miguu yote miwili juu ya ule mstari, akasema:

"Ijumaa wazee wakitoka kuswali utasimama barazani uwaambie. Na mimi nitasimama, maana siku ile nilikuwa juu, nilisikia yote, na mdomo nilikuwa nao."